Nani Ana Pesa za Kununua Nguo ya Kudumu?

MWALIMU: Nitaanza kwa hesabu, kwa kuwa ndiyo somo langu. Tuseme blauzi ni shilingi 200, na ukishaifua mara kumi imekwisha: shingo imelegea, rangi imekimbia. Kila ulipoivaa ulilipa shilingi 20. Sasa tuseme koti la sufu ni 1,500. Baridi ya huku Giakanja, Nyeri, haina mchezo, kwa hiyo Juni, Julai na Agosti utalivaa siku tisini, na likitunzwa litakwenda miaka sita. Kila siku limekugharimu chini ya shilingi 3. Basi iliyo ghali ni blauzi.

MCHUMA CHAI: Hesabu haina kosa, mwalimu. Ila umeianzia mahali ambapo mimi sijafika. Nani amekuambia nina 1,500? Leo nina 200. Wiki ijayo huenda nikawa na 200 nyingine, huenda nikawa na deni la unga. Blauzi naichukua kwa sababu inalingana na pesa zilizo mkononi. Kugawanya najua.

MWALIMU: Weka 200 kila wiki. Baada ya wiki nane una koti na chenji.

MCHUMA CHAI: Wiki nane kuanzia lini? Baridi inashuka kutoka Nyandarua mwezi wa sita. Bonasi ya chai inakuja Oktoba. Pesa zikifika, jua limesharudi, na zimekuta karo ya Januari imekaa mlangoni. Miaka yote niliyouza majani, sijaona koti na pesa vikikutana mwezi mmoja.

MUUZA MITUMBA: Na hapo ndipo mimi ninapoingia. Mwalimu anasema kana kwamba nguo za bei ndogo ziko kando hii na za kudumu kando ile. Njoo siku nikifungua belo uone. Za juu kabisa tunaziita kamera: hazijavaliwa sana, mshono mzima, rangi bado yake. Zinafuata za katikati. Mwisho kuna fagia, zile za kumwaga juu ya turubai watu wachague kwa hamsini hamsini. Lakini belo halijui bei. Nimeona sweta ya sufu tupu ikitupwa kwenye fagia kwa sababu ya tundu moja la nondo kwenye mkono. Mwenye jicho anaondoka nayo.

FUNDI: Na asiye na jicho?

MUUZA MITUMBA: Ajifunze, haina ada. Tazama kola kwanza, maana ndiyo hufa mapema. Kisha kwapa, magoti, na pale mapaja yanaposuguana. Vuta zipu juu na chini mara kadhaa, isikudanganye kwa mara ya kwanza. Geuza nguo ndani nje uone mshono ulivyokaa. Iinue juani, mwanga ukipenya kwenye makalio, irudishe. Halafu soma lebo. Wateja wengi wanatazama picha iliyo kifuani, wanalipa, wanaenda.

FUNDI: Lebo hukatwa. Chomoa uzi mmoja mdogo ndani ya upindo, uuwashe kiberiti. Sufu hunuka nywele zilizoungua, na jivu lake linasagika vidoleni. Pamba hunuka karatasi. Poliesta huyeyuka, ikipoa inabaki tone gumu jeusi. Hata asiyejua kusoma anaelewa.

MUUZA MITUMBA: Mzee, siku utakayowasha kiberiti kibandani kwangu utanunua belo zima.

MCHUMA CHAI: Nyote wawili mnasahau kitu. Huko kutazama kola, kuvuta zipu, kuinua juani, ni kazi. Nikitaka kuchagua vizuri niende Karatina au mjini Nyeri, nilipe nauli, nizunguke kutwa. Siku hiyo sijachuma. Nguo ya 300 imenigharimu 300, na nauli, na kikapu cha majani ambacho hakikufika mizani. Ninapochukua ya kwanza ninayoiona hapa barabarani, msidhani sina akili. Sina siku.

(Naingilia kidogo. Katika mazungumzo yote ya namna hii niliyowahi kusikiliza, ushauri wa kununua kwa makini hutolewa na watu ambao Jumamosi yao ni yao. Mchuma chai ndiye wa kwanza niliyemsikia akiiweka siku yenyewe kwenye risiti.)

FUNDI: Hilo la siku nalikubali, ndiyo sababu nasema aje kwangu, nipo hatua mia kutoka nyumbani kwake. Nguo niliyoshona mimi ina akiba ndani. Naacha inchi nzima kila upande wa mshono. Upindo wa sketi ya mtoto nauacha mrefu, kila mwaka nashusha kidogo. Mtoto anakua, sketi inakua naye. Kiwanda hakiachi akiba, kwa sababu kwake kitambaa ni pesa. Ukinenepa, ya dukani imekufa, yangu inapanuliwa. Kola ya shati ikichakaa, naifumua, naigeuza upande wa pili, mtu anaenda nalo kanisani na hakuna anayejua.

MCHUMA CHAI: Koti lenye bitana, kwa mtu wa umbo langu, ni pesa ngapi?

FUNDI: Inategemea kitambaa.

MCHUMA CHAI: Kitambaa cha kawaida.

FUNDI: Kuna cha kawaida na cha kawaida. Halafu kuna vifungo, bitana, uzi...

MUUZA MITUMBA: Inategemea! Kwangu bei imesimama wima. Na litakuwa tayari lini, Fundi?

FUNDI: Ijumaa.

MUUZA MITUMBA: Ijumaa ya mwezi upi?

(Suruali yangu moja iko kwa fundi wa mji mwingine tangu wiki ya Pasaka. Nimeona niliseme, msomaji asije akadhani napima mizani hii bila kuegemea popote.)

FUNDI: Chekeni. Lakini mnaijua sababu? Nilipojifunza cherehani, kitambaa kilitoka hapa hapa nchini. Rivatex ya Eldoret, KICOMI ya Kisumu, na huku mlimani kwetu Nanyuki kulikuwa na Mountex. Ungeweza kuniuliza bei usingizini nikakujibu. Soko likafunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, mitumba ikamiminika, cherehani zikahamia sebuleni kuwekewa maua. Sasa kila nikienda mjini kununua kitambaa nakuta bei nyingine. Hiyo "inategemea" si ujanja wangu.

MUUZA MITUMBA: Usinitwike maiti ya kiwanda, Mzee. Mkulima wa pamba alikuwa ameshachoka kungojea malipo kabla mtumba wa kwanza haujafika Giakanja. Viwanda viliingia madeni, vikasimamiwa vibaya, umeme ghali, mashine za zamani. Rivatex ilichukuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, ikafunguliwa upya kwa shangwe mwaka 2019, rais mwenyewe akaenda. Haya, nionyeshe kitambaa chake hapo mezani pako.

FUNDI: Hakipo.

MUUZA MITUMBA: Hicho ulicho nacho kimetoka wapi?

FUNDI: Nairobi.

MUUZA MITUMBA: Kabla ya Nairobi?

FUNDI: China. Sasa unataka nishone magunia? Hata sufu tunayo. Akina mama wa Nanyuki Spinners and Weavers wanasokota sufu ya kondoo kwa mkono tangu mwaka 1977. Lakini zulia lao linanunuliwa na mtalii, mwenye kondoo anavaa sweta ya plastiki. Mwaka 2019 serikali iliwaambia watumishi wake wavae nguo za Kenya kila Ijumaa; nikanoa makasi. Novemba 2023 Spika Wetang'ula akaifungia nje ya Bunge suti ya Kaunda, nguo ambayo mafundi wa rika langu wanaikata macho yamefumbwa. Hebu niambieni, fundi amsikilize nani?

MUUZA MITUMBA: Amsikilize mteja. Na mteja nakuletea mimi. Nusu ya nguo zilizo juu ya meza yako ni zangu: kupunguza kiuno, kukata urefu, maana wenye suruali hizo huko walikotoka wana miguu ya twiga. Nikifunga kibanda, wewe utafunga siku ya pili yake. Tulishajaribu, au umesahau? Machi 2020 serikali ilizuia mitumba kwa ajili ya korona, hadi Agosti. Miezi yote hiyo soko lilikuwa lako peke yako. Ulishona nini?

FUNDI: Barakoa.

MUUZA MITUMBA: Barakoa!

FUNDI: Hela zake zilikuwa nzuri, usicheke. Lakini hujanisikia vizuri. Sisemi mitumba isije. Nasema inakuja kwa bei inayofanya kurekebisha kuonekane ujinga. Mtu ananiletea suruali, zipu imekatika. Zipu mpya na kazi yangu, jumla inakaribia bei ya suruali nyingine kwako. Ananitazama, anatazama kibanda chako, anaitupa. Kitambaa kizima, mshono mzima, imekufa kwa zipu. Hapo yule anayejiita mnunuzi makini amefanya hesabu ya mwalimu, na hesabu imemwambia atupe.

MWALIMU: Hapana, amefanya nusu ya hesabu. Hakuuliza hiyo nyingine itadumu muda gani. Na zile zinazotupwa zinaenda wapi? Mwaka 2023 shirika la Changing Markets lilitoa ripoti kuhusu nguo kuukuu zinazoletwa Kenya. Lilikadiria kwamba zaidi ya theluthi moja zina plastiki ndani yake na ni duni kiasi cha kuwa taka tangu zinapotua. Nenda Gikomba utazame ukingo wa Mto Nairobi. Huku kwetu tunachoma nyuma ya nyumba, na moshi wa poliesta tunauvuta sisi na watoto. Wangari Maathai, mtoto wa Ihithe na wakati huo mbunge wetu wa Tetu, alirudi kutoka Japani mwaka 2005 akituhimiza tupunguze, tutumie tena, turejeleze. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2017. Sweta ya plastiki inaingia kwa kontena.

MUUZA MITUMBA: Mimi nimetumia tena kuliko mtu yeyote kata hii! Kila nguo kibandani ilikuwa inatupwa Ulaya. Na fagia isiyonunuliwa, mwenye gereji anachukua kufutia grisi, mwingine anajazia mto. Akina mama wananunua sweta zilizopasuka, wanazifumua, ule uzi unasuka kiondo. Hiyo ndiyo taka unayosema?

MWALIMU: Sehemu yake ndiyo. Ulishawahi kufungua belo ukakuta nusu haiuziki?

MUUZA MITUMBA: Nimeshawahi. Nalipia belo likiwa limefungwa, sioni ndani. Hasara ni yangu, aliyelifunga hayupo wa kuulizwa. Hilo ripoti yako ililisema?

MWALIMU: Lilisemwa, ndiyo. Lawama ilielekezwa kwa wanaotuma.

MUUZA MITUMBA: Basi waandikie hao. Mimi usinifanye dampo.

KIJANA: Naomba kuingia. Nyote mnabishana ni nguo ipi ya zamani iliyo bora. Mbona hakuna anayesema mpya? Fulana yangu ya kwanza ilikuwa na maandishi ya timu ya shule fulani ya Ohio. Nilidhani Ohio ni mchezaji. Nimesoma chuo hapo Kimathi, nimemaliza, nina mahojiano ya kazi, na nimechoka kuvaa maisha ya mtu mwingine. Jaketi hii nimeagiza mtandaoni, imeletwa mpaka mjini, mpya, ndani ya mfuko wake, bei karibu sawa na kamera ya Mama huyu wa mitumba. Mimi ndiye wa kwanza kuivaa. Hilo nalo ni hesabu.

FUNDI: Hebu ilete hapa.

KIJANA: Guka, babu, taratibu.

FUNDI: Tazama mshono. Kitambaa kimeachwa unene wa kucha, ukiinua mkono kwa nguvu umeachia. Kushonwa ni mstari mmoja. Mfuko huu ni wa mapambo, hauingii hata simu. Na uzi... subiri.

KIJANA: Umechoma jaketi yangu?

FUNDI: Uzi wa ndani, hauonekani. Tone jeusi, unaona? Poliesta tupu. Haitakupa joto, na ukitokwa na jasho kwenye mahojiano utajuta.

KIJANA: Lakini nitaingia nikiwa nadhifu, na hakuna atakayechoma uzi mle ndani. Nikipata kazi nitanunua la sufu. Ninyi mnazungumzia miaka sita, mimi nina dakika ishirini mbele ya meza ya watu watatu.

MWALIMU: Shati jeupe la pamba lililopigwa pasi lingekutosha dakika hizo ishirini, na ungebaki nalo.

KIJANA: Mwalimu, wewe unajulikana. Ukivaa koti lile lile miaka sita watasema ni mtu wa msimamo. Nikilivaa mimi watasema sina lingine. Na hiyo "nguo ya Kenya" mnayoililia ipo, ila haijashonwa kwa ajili yetu. Athi River wameshona suruali nyingi za kupelekwa Marekani chini ya AGOA, ile sheria ya mwaka 2000 ya kuuza huko bila ushuru. Huenda jinzi niliyovaa ilishonwa pale, ikavaliwa kule mpaka mwenyewe akaichoka, ikarudi kwa belo. Mwaka 2016 marais wa Afrika Mashariki walipatana mitumba iwe imekwisha ifikapo 2019. Marekani ikataja AGOA, Kenya ikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia ushuru wake, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa nafasi hiyo. Kwa hiyo kabatini mwangu mna mkono wa Washington. Mimi sikuchagua sana.

MUUZA MITUMBA: Umesema vizuri, mwanangu. Lakini jaketi hiyo ungenunua kwangu.

MCHUMA CHAI: Mnaenda mbali, Washington, Ohio. Niwarudishe hapa. Mnataka kujua pesa zangu za nguo huenda wapi? Haziendi kwa Mama huyu, wala kwa Fundi. Zinaenda kwa mwalimu.

MWALIMU: Kwangu?

MCHUMA CHAI: Shuleni. Zamani sweta ilikuwa ya rangi ya buluu, unaifuma au unaishonesha popote, mkubwa akiiacha mdogo anarithi, viwiko vikitoboka inatiwa viraka. Siku hizi, katika shule nyingi, ina nembo, inapatikana duka moja, bei ni yao. Kuna tai, kuna blazi, kuna suti ya michezo. Watoto watatu shule tatu, nembo tatu, hakuna cha kurithishana. Na tangu mwaka 2023, gredi ya saba ikiwa kwenye boma lile lile la shule ya msingi, kuna mahali sare ilibadilishwa. Mtoto hajavuka hata ua, ananunuliwa upya kuanzia soksi. Halafu unaniambia ninunue kwa makini. Nianzie wapi? Mlishanichagulia.

MWALIMU: Sare inawafunika wote. Bila sare, mtoto wako angekaa karibu na wa daktari kila siku wanapimana nguo. Hiyo fulana ya Ohio ingechekwa darasani.

MCHUMA CHAI: Sare siipingi. Napinga nembo. Buluu inafunika vizuri tu bila nembo.

FUNDI: Na nembo ninaweza kuidarizi. Niliomba. Nikaambiwa lazima iwe ya duka.

MWALIMU: Sikai kwenye bodi inayoamua hayo.

MUUZA MITUMBA: Lakini barua ya kuwaita wazazi huiandika nani?

MWALIMU: ...Huiandika mwalimu wa darasa. Sawa. Lakini sikubali kwamba shule ndiyo mlaji mkubwa. Tuseme ukweli kuhusu ruracio, yaani sherehe za mahari, na harusi. Kila sherehe ina rangi yake. Mwezi huu zambarau, mwezi ujao ya kahawia isiyokolea, na lazima ionekane kwenye picha. Kitenge kinanunuliwa, kinashonwa, kinavaliwa siku moja, kinalala. Hapo hakuna bodi iliyokulazimisha.

MCHUMA CHAI: Hakuna bodi? Mwalimu, usipovaa rangi unawekwa nyuma ya hema na watu wa kubeba maji. Msichana wangu atakapoposwa, hao waliovaa rangi ndio watakuja kwangu na chungu na shuka. Hicho kitambaa cha siku moja ndicho kinachodumu kuliko lile koti lako.

FUNDI: Mimi hizo sare za sherehe ndizo zinazonilipia kodi ya veranda. Nawaambia ukweli ingawa unaniumiza: nikishona gauni la rangi ya sherehe, nawaomba akina mama tulikate mkato wa kawaida, lisiwe na mikono ya puto, waweze kulivaa tena Jumapili. Hawataki. Wanataka lifanane na la kwenye simu.

KIJANA: Kwenye simu kila mtu amelivaa mara moja tu.

(Hapa sauti zilipandiana kwa muda, na sehemu kubwa ya yaliyosemwa ilihusu harusi fulani ambayo haina kazi kwenye ukurasa huu. Nachukua tena pale mchuma chai alipowanyamazisha.)

MCHUMA CHAI: Nimewasikia nyote. Mwalimu ana hesabu. Mama ana jicho. Guka ana akiba ndani ya mshono. Kijana ana mahojiano. Swali langu bado liko pale nilipoliweka: baridi Juni, pesa Oktoba. Nani kati yenu atanibeba miezi minne hiyo katikati?

MWALIMU: Geuza mpango. Nunua koti Oktoba, siku ile ile bonasi inapoingia, kabla karo haijaikuta. Jua likiwaka hakuna anayetaka koti, bei iko chini. Mama, si kweli?

MUUZA MITUMBA: Kweli kabisa. Oktoba makoti yananikalia mpaka nayachukia, nashusha bei. Juni mtu akiniomba nipunguze hata hamsini sigeuki. Na ukilinunua wakati wa jua, lifue, likauke kabisa, lisiwekwe na unyevu, tia dawa ya nondo. Sufu ikilala miezi minane bila kutazamwa, utaikuta chujio.

MCHUMA CHAI: Oktoba ninunue joto la Juni, na Januari mtoto arudishwe nyumbani kwa karo? Utamwambia mkuu wa shule nilikuwa na mpango?

KIJANA: Kuna Fuliza, mkopo wa simu.

MCHUMA CHAI: Fuliza nikope koti! Ada inakatwa kila siku mpaka ulipe. Koti la 1,500 lingefika Oktoba likiwa na bei ya ng'ombe.

FUNDI: Chama. Wanawake kumi wa hapa, kila mmoja atoe kidogo bonasi ikiingia, tununue jora zima la kitambaa kizito Nairobi, kwa bei ya jumla. Nawapima wote, nakata kwa pamoja, hakuna kipande kinachopotea, mabaki yanakuwa makoti ya watoto. Kazi yangu nitalipwa kidogo kidogo.

MUUZA MITUMBA: Na yatakuwa tayari Ijumaa.

FUNDI: Kabla ya Mei. Niandikeni.

MCHUMA CHAI: Chama tulicho nacho kimekopesha watu wasiolipa. Mwenye zamu mwezi huu bado anangojea. Sitaingia kingine kwa ajili ya jora ambalo mimi sitaliona mpaka limekatwa.

MWALIMU: Sasa kila mlango unaufunga wewe mwenyewe.

MCHUMA CHAI: Mwalimu, nilipofika hapa milango ilikuwa imefungwa. Najaribu vitasa tu.

MUUZA MITUMBA: Nisikilize, mama. Kuna koti lile la kijivu, la sufu, umelishika mara nyingi ukipita. Fundi alichome uzi ukitaka, leo namruhusu. Nitaliondoa kwenye kamba nikuwekee. Unatoa mia moja kila wiki, naandika kwenye daftari, likitimia unalichukua. Si riba, si ada.

FUNDI: Na mkono wake ni mrefu kwako, nitaukata. Hiyo kazi naitoa bure, mradi bitana yake iwe nzima.

MWALIMU: Huo ndio ununuzi makini. Wiki kumi na tano.

MCHUMA CHAI: Ukiwa na mia kila wiki. Nikikosa wiki moja?

MUUZA MITUMBA: Nitangoja.

MCHUMA CHAI: Wiki tatu mfululizo? Mvua ikaharibu barabara, lori la kiwanda likakosa kufika?

MUUZA MITUMBA: Wiki tatu... Mama, na mimi nina mwenye belo ananidai. Nitaliuza.

MCHUMA CHAI: Na pesa zangu?

MUUZA MITUMBA: Hazipotei. Utachagua kitu kingine cha thamani hiyo hiyo.

FUNDI: Kutoka fagia.

MUUZA MITUMBA: Mzee, wewe shona.

MCHUMA CHAI: La, mwache. Anijibu hilo kwanza kabla sijatoa mia ya kwanza. Kutoka fagia, au kutoka kamera?